Dansi ya Wakunja Mashuka

Chini kabisa ya hospitali ile kubwa, ambako hata madaktari wa siku nyingi hawajawahi kutia mguu, kulikuwa na chumba cha kufulia, na humo kulikuwa na wanawake wawili waliokuwa hawasemezani na hawaachani. Wa kwanza aliitwa Mama Pindo, kwa sababu macho yake, tangu asubuhi hadi jioni, hayakuwa na kazi ila kukagua mapindo ya mashuka. Wa pili aliitwa Twiga, na ukimwona humwulizi mtu kwa nini. Wote wawili walikuwa wakunjaji. Miaka kumi na tisa walikuwa wakikunja pamoja mashuka ya wodi zote.

Anayedhani hiyo ni kazi ya mtoto hajawahi kukunja mashuka mia nne kwa siku. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwenzake ncha mbili kule. Mnalikung'uta mara moja, linalia pa! Mnalikunja kwa urefu, mnalivuta likanyooka, kisha mnatembea kuelekeana mpaka mikono inagusana. Huyu anampa yule ncha zake, anainama, anadaka mkunjo unaoning'inia, anarudi nyuma. Mnakutana tena, na tena. Mara ya tatu shuka limeshakuwa kifurushi, linatua kwenye toroli. Mama Pindo na Twiga walikuwa wakimaliza matatu huku jozi nyingine bado zinatafutana ncha.

Sasa, kisa cha kununiana. Miezi kumi na minne nyuma, nafasi ya msimamizi ilikuwa wazi, na Mama Pindo aliitamani waziwazi, mpaka akaanza kutembea kama mtu aliyebeba funguo. Mkuu wa idara akamwita Twiga pembeni, akamuuliza kama mwenzake anafaa. Twiga hawezi kusema uongo hata mdogo. "Kazi anaijua kuliko sisi sote," akajibu, "ila ana mdomo. Wiki ya kwanza tu atagombana na manesi." Nafasi akapewa mwanamume mmoja mpole kutoka ghalani. Habari zilipomfikia Mama Pindo, alimmwagia Twiga maneno ambayo sitayaandika hapa, halafu akaufunga mdomo ule ule uliolalamikiwa.

Tangu hapo baina yao yalibaki maneno matatu: "Vuta," "Haya," na "Jingine." La zaidi ya hayo lilipitia kwa dada wa pasi, mwanamke mnene, mcheshi, aliyesimama karibu yao akipiga foronya pasi.

"Dada, mwambie huyo toroli limejaa."

"Anasema toroli limejaa."

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi."

"Anasema si kiziwi," dada wa pasi anageuka, "na mimi nasema nimechoka, nataka barua ya kazi mpya, ya ukalimani!"

Msimamizi alijaribu kuwatenganisha. Siku moja tu. Mama Pindo alipangwa na mtu mwingine, akamgonga kichwa mara mbili kabla ya saa nne. Twiga naye akawa anakunja mashuka yaliyotoka kama maandazi. Mchana msimamizi akawaomba, mama zangu, tafadhali rudianeni. Wakarudi kwenye sehemu zao bila kutazamana, na mashuka yakaanza tena kutua kwenye toroli yamenyooka.

Na sasa zilibaki wiki tatu Twiga astaafu. Mama Pindo hakuwa na raha. Kila asubuhi njiani alijiapiza kwamba leo atasema neno, hata likiwa la mvua na jua. Akifika, akiiona ile shingo ndefu, neno linamkwama. Hasira yenyewe ilikuwa imeisha kitambo, imebaki aibu ya kuanza. Alichokiogopa ni kwamba Twiga atafunga virago hivi hivi, na miaka kumi na tisa iishie kwenye "Jingine." Hilo hakumwambia mtu, hata dada wa pasi.

Ndipo walipokuja watu wa filamu. Mwongozaji alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, na nyuma yake mpiga picha na wacheza dansi wawili, wakaka wembamba waliovaa suruali pana kama za kulalia. Msimamizi akaeleza kwamba hospitali imewaruhusu kutengeneza filamu fupi ya dansi ya kisasa humu ndani, na kwamba wafanyakazi wawape ushirikiano. Hayo ya ushirikiano aliyasema akimtazama Mama Pindo.

Wale wakaka wakavua viatu, wakaanza. Mmoja akajiangusha sakafuni, akajiviringisha hadi kwenye mguu wa mashine ya kukaushia, akabaki pale anatetemeka bega moja.

"Jamani, huyu apelekwe wodini," akasema Mama Pindo. "Si tuko hospitali?"

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Mwongozaji naye akacheka, na hilo Mama Pindo akalipenda kimoyomoyo. Lakini yule mkaka wa pili aliponyakua shuka safi na kuliburuza chini, mzaha ukaisha hapo hapo.

"Weka juu! Shuka halilali chini! Kesho hilo lina mgonjwa juu yake!"

Mkaka akaganda kama mwizi. Mama Pindo akamvamia, akamnyang'anya ncha mbili. Na ncha mbili za upande wa pili, kabla hajaita mtu, zilikuwa tayari mikononi mwa Twiga. Pa! Wakalikung'uta. Wakavuta, wakaelekeana, wakaachana, wakakutana. Lilipotua kwenye kikapu cha kufuliwa upya, mwongozaji alikuwa amevua miwani.

"Fanyeni tena," akasema.

"Tufanye nini?"

"Hiyo dansi."

"Mwanangu, hii ni kazi."

"Najua, mama. Mnajua mnavuta pumzi pamoja? Wote wawili, kabla ya kila hatua. Hawa vijana wangu nimewafundisha miezi sita wapate hilo, hawajalipata. Naomba muwemo nyinyi."

Mama Pindo akacheka kwa dharau. Yeye acheze dansi, tena na huyo, tena kwenye filamu! Akasema kama ni watu kuona, wapeleke jukwaani wacheza dansi wao, watu wanunue viti, wakae watazame.

"Jukwaani mtu anakaa kiti kimoja mpaka mwisho," mwongozaji akajibu. "Ataona mnakwenda na kurudi, basi. Mikono yenu hataiona. Kamera naweza kuiweka katikati, pale mnapokutana. Hapo hakuna kiti."

"Hapana," akasema Mama Pindo. "Mimi sina muda."

Kutoka upande wa pili wa toroli ikasikika sauti ya Twiga, tulivu kabisa. "Dada wa pasi, mwambie huyo kama anaogopa, aseme anaogopa."

Dada wa pasi akafungua mdomo kutafsiri. Hakuwahi.

"Nani anaogopa?" akasema Mama Pindo. "Leteni hiyo kamera!"

Wakapiga picha siku nzima. Kamera iliwekwa kwenye reli ndogo kama ya treni ya watoto, ikawa inateleza baina yao, karibu mpaka Mama Pindo akaona pua yake ndani ya kioo cha kamera. Kwanza walikunja kama kawaida, na wale wakaka wakapita chini ya shuka, wakaibuka, wakaegemeana migongo. Kisha mwongozaji akasema polepole. Halafu polepole zaidi. Halafu, "Kama vile mko ndani ya maji, mama."

Hapo ndipo pagumu. Ukikunja haraka, mikono ya mwenzako unaipita tu. Ukikunja polepole, inakaa. Mama Pindo alihisi vidole vya Twiga, vikavu, vilivyoparuzwa na sabuni miaka yote, vikisubiri vyake vishike ncha. Akakaza macho kwenye pindo. Alilikagua pindo lile kama vile lina maandishi. Walirudia mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja hakuinua kichwa. Jioni watu wa filamu wakakunja nyaya zao, wakashukuru, wakaenda. Kesho yake ikawa "Vuta," "Haya," "Jingine."

Wiki ya mwisho ya Twiga, mwongozaji akarudi na filamu. Ilikuwa Jumatano, saa ya chakula cha mchana, katika ukumbi wa kulia wa wafanyakazi. Mapazia yakafungwa, na ukutani wakatundika shuka moja kubwa la wodi ya wazazi. Mama Pindo alilikagua kwanza akalipitisha. Wakaja watu wote wa chumba cha kufulia, wapishi, manesi wengi, na daktari mmoja aliyeuliza kwa mshangao kama kumbe mashuka hukunjwa kwa mikono. Mama Pindo akakaa benchi la nyuma, mlangoni. Twiga alikuwa mbele, akiwazuia watu watatu wasione.

Filamu ilikuwa ya dakika nane. Haikuwa na maneno, na muziki ulikuwa mdogo sana. Kilichosikika zaidi ni pa! ya mashuka. Mwanzoni watu walicheka kila walipomtambua mtu. Mama Pindo alipojiona alitaka kuingia chini ya benchi: alikuwa mpana kuliko alivyodhani. Lakini taratibu ukumbi ukanyamaza. Shuka lilipanda hewani likajaa mwanga, likashuka, na chini yake yule mkaka alikuwa amejikunja, na mara hii Mama Pindo hakuona mgonjwa. Aliona mtu amechoka ambaye amefunikwa. Siku zote alikuwa analitoa shuka mikononi na kulisahau. Mgonjwa alikuwa akimtaja tu, hakuwahi kumwona chini ya shuka.

Kisha mikono. Mikubwa, imejaa ukuta mzima, mikono yake na ya Twiga ikikaribiana. Kila mshipa ulionekana. Manesi wakaguna. Kamera ikapanda polepole kutoka mikononi, kwenye viwiko, kwenye mabega, hadi kwenye uso wa Twiga.

Mama Pindo hakuwahi kuuona uso ule kutoka pale. Miezi kumi na minne alikuwa akiufikia kwa hatua tatu, zaidi ya mara elfu moja kwa siku, akiwa ameinamisha kichwa. Na Twiga alikuwa anamtazama. Kila walipokutana, Twiga aliinua macho kutoka kwenye shuka, akamtazama usoni, midomo ikafunguka kidogo kama mtu anayetaka kuanza neno. Na papo hapo Mama Pindo anapokea ncha, anainama, amekwenda. Midomo inafungwa. Wanakutana tena: macho yanainuka, midomo inafunguka. Wanaachana. Mwongozaji alikuwa ameyaunganisha marudio yote kumi na moja, moja baada ya jingine, na ukumbi wote ukaona.

Taa zikawashwa, makofi yakapigwa, watu wakagonga meza. "Irudiwe!" wakapiga kelele wapishi, na mwongozaji akazima taa tena, akairudisha mwanzo.

Safari hii Mama Pindo hakukaa nyuma. Alipita baina ya mabenchi akikanyaga watu, akasema samahani kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akafika mbele, akamsukuma dada wa pasi kwa nyonga na kujipenyeza karibu na Twiga. Kazi ya ukalimani ikaisha hapo, bila barua.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini?" akanong'ona.

Twiga hakugeuka. "Lini?"

"Pale. Na pale tena. Kila tukikutana."

Twiga akalifuata kwa macho shuka la kwenye filamu, likapanda, likashuka. "Nilitaka kusema samahani."

"Kwa uliyosema?"

"Hapana. Nilichosema ni kweli, mdomo unao. Samahani kwamba nilimwambia mkuu kabla sijakwambia wewe. Ulistahili kusikia kwangu kwanza."

Mama Pindo akatafuta jibu kali, maana alikuwa nayo mengi, akayaona yote hayana kazi. Machozi yalimlengalenga na wakati huo huo akashikwa na kicheko, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwani.

"Na mimi nilitaka kusema neno kila asubuhi," akasema. "Kila asubuhi ya Mungu, Twiga. Nilikuwa nafika nalo mpaka mlangoni."

"Ungeinua macho tu."

"Ningelia. Shuka lingelowa, lirudi kufuliwa."

Twiga akacheka ile sauti yake ya pumzi, mabega juu, nesi wa nyuma yake akasema jamani hatuoni. Mama Pindo akageuka kumjibu, akakumbuka yale ya kugombana na manesi, akameza neno na kugeuka tena mbele. Mkono wake ukatafuta mkono wa Twiga kwenye giza la mapazia na kuupata bila kupapasa, kwa sababu ulikuwa pale pale unapokaa siku zote.

Filamu ikaisha. Makofi tena. Mpishi mkuu akaangalia saa, watu wakaanza kuinuka.

"Hakuna kutoka!" Mama Pindo akapaza sauti, na daktari mwenyewe akakaa. "Mwongozaji, mwanangu, rudisha tena!"

Taa zikazimwa kwa mara ya tatu. Ukutani shuka likajaa upepo, wakaka wakajiviringisha, mikono mikubwa ikaanza kukaribiana. Twiga alihisi kitu shavuni, akageuza ile shingo yake ndefu, akamkuta mwenzake amemkodolea macho.

"Tazama mbele," akamwambia. "Filamu iko kule."

"Ile nimeshaiona," akasema Mama Pindo, na hakuondoa macho.