Tumbo la Eliya

Nilipokuwa mtoto nilimnyima salamu mama mmoja asiye na kosa, na Mungu ananijua.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza tu, tumefika Vårby gård, Uswidi, kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Jirani yetu Mama Neema alimbeba mdogo wangu Eliya baada ya ibada akasema, "Mbona tumbo la huyu limevimba upande mmoja?" Hakumtaja Mungu. Kwetu, ukisema neno juu ya mwili wa mtoto bila kumtaja Mungu, umemtupia jicho baya.

Tumbo lilipozidi, Bibi akawa anamkanda kila jioni kwa mawese ya moto, jicho litoke. Mimi nilimshika miguu.

"Sluta, Bibi," Eliya alilia kwa Kiswidi. Acha.

"Lia, baba. Anayelia ni huyo aliyemo, si wewe."

Mama Neema alipotuletea maandazi, niliyatupa, na salamu yake sikuiitikia. Nilijiona mtumishi wa Bwana.

Nesi wa shule ndiye aliyelazimisha twende hospitali. Picha ikaonyesha mfuko wa maji kwenye ini, mkubwa kama chungwa. Daktari akauliza, mkalimani akiwa kwenye simu, kama tuliishi na mbwa. Kakuma, mbwa wa majirani walikuwa wakimlamba Eliya mdomo, nasi tunacheka. Kumbe mayai ya mnyoo yalitoka kwenye kinyesi cha mbwa, yakashika manyoya, yakamwingia mtoto, na mfuko ukakua polepole kwa miaka.

"Kuna mtu amelikanda tumbo hili?"

Bibi mwenyewe akainua mkono.

"Mfuko ukipasuka ndani, mtoto anaweza kufa."

Bibi akakaa sakafuni.

Haukupasuka. Walimpa vidonge vya mnyoo, vya kumeza pamoja na chakula chenye mafuta, kisha wakamlaza usingizi wa dawa na kuyanyonya yale maji kwa sindano. Alipozinduka aliomba chapati. Mama yetu alilia kuliko siku zote za kuugua kwa Eliya.

Bibi alinishika mkono tukaenda kwa Mama Neema.

"Mwanangu, nilikusema vibaya."

"Nilijua, Bibi. Hata kanisani ulikuwa ukihama kiti nikikaa karibu. Ingieni, chai inapoa."

Mpaka leo naomba kabla ya kumeza dawa yoyote. Lakini yule mama aliona kwa macho yake tu, akasema alichoona, nasi tuliompenda Eliya tukazidi kumkandamiza. Mungu alituhurumia.

Basi wewe unayenisikiliza, ukiona tumbo la mtoto limevimba, tafadhali usilikande. Mpeleke hospitali, na umwambie daktari kama aliishi na mbwa.