Namba Alizozipiga Tupa Mjomba Mulei

Mjomba wangu Mulei hakuwa fundi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu Kalamba wakisikia habari ya pikipiki yake husema, "Ah, yule fundi!" Alikuwa mpeleka chanjo. Kwa miaka saba aliendesha pikipiki ya mradi wa wazungu, sanduku la barafu likiwa nyuma, akipeleka chanjo za watoto ng'ambo ya mto, mahali panapoitwa Kwa Ndululu. Gari halifiki huko, na kutembea kutoka huko hadi kituo cha afya ni saa tano, ukiwa na miguu mizuri na huna mtoto mgongoni.

Mwaka wa 1986 mradi ulifungwa. Vitu vikanadiwa: viti, ndoo, friji mbovu, na hiyo pikipiki, ambayo wakati huo ilikuwa imekufa na kunyeshewa misimu miwili. Mjomba aliinua mkono, na hakuna mwingine aliyeinua. Alipewa logbuku, kile kitabu cha serikali kinachoonyesha chombo ni cha nani, pamoja na barua. Hiyo barua nimeisoma mwenyewe. Inasema mnunuzi "ataondoa alama na namba zote za mradi kabla ya kutumia kifaa."

Basi pikipiki ikalala nyuma ya ghala na kuku wakaitagia mayai. Huenda ingelala huko hadi leo, lakini mwaka wa 1988 ukambi uliingia Kwa Ndululu. Watoto kumi na mmoja walikufa. Mjomba aliwajua wote kwa majina ya mama zao, lakini hakuna hata mmoja ambaye yeye aliwahi kumpelekea chanjo. Walizaliwa baada ya mradi kufungwa.

Pasaka iliyofuata alikwenda kwa Sista Kagure, msimamizi wa kituo cha afya. Sista alitoka Murang'a, na Kikamba alichojua kilimtosha kugombeza watu tu.

"Nipe sanduku, Sista. Hata mara moja kwa mwezi."

"Utaenda na nini, Bwana Mulei? Na mgongo?"

"Na pikipiki."

"Ile maiti?"

"Itafufuka."

Sista hakucheka. Alimwambia chanjo ni za serikali, na haziwezi kubebwa na chombo ambacho hakijakaguliwa na kupewa karatasi. Mwisho wa Agosti angepeleka wilayani Machakos mpango wa mwaka mzima. "Ukiniletea karatasi, naandika Kwa Ndululu kwenye mpango. Usipoleta, naikata. Siwezi kuandika mahali ambapo hakuna mtu anafika."

Hivyo ndivyo alivyoanza.

Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ua wa minyaa tu, na likizo hiyo ya shule niliupita ule ua mara nyingi kuliko nilivyofungua vitabu. Sikujua pikipiki inaweza kutoka sehemu nyingi hivyo. Tangi la zamani lilikuwa limeliwa na kutu, kwa hivyo alichukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, akaulaza na kuziba kila ungio kwa risasi iliyoyeyushwa. Breki zilitoka kwenye lori. Aliokota kipande cha laini kuukuu, ule ukanda wa breki unaosugua gurudumu, pale mjini Emali, akakikata kwa msumeno wa chuma na kukipigilia riveti. Waya wa klachi ulikuwa wa baiskeli. Kiti alikijaza katani na kukivika ngozi ya mbuzi, manyoya yakiwa nje, ati maji ya mvua yateleze. Bomba la moshi lilikuwa mguu wa kitanda chake mwenyewe.

Jonah, mwenye kinu cha kusaga mahindi, hakukosa kupita.

"Mulei, hii ni pikipiki ama ni kitanda kimeota magurudumu?"

"Ni zote mbili. Nikichoka nalala."

"Na Ndinda analalia nini siku hizi?"

Mke wa mjomba alijibu mwenyewe kutoka jikoni, "Ndinda analalia matofali manne, na bado halali na wewe!"

Aiya! Jonah aliondoka haraka, na mjomba akacheka hadi akaangusha spana.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuisafisha. Mradi ulikuwa umeandika namba kila mahali, hata chini ya ndoo, hata kwenye mpini wa fagio. Mjomba alikwangua rangi yote. Zikabaki namba mbili zilizogongwa ndani ya chuma, moja shingoni mwa fremu, nyingine ubavuni mwa injini. Alizipiga tupa siku mbili, halafu akaja na msasa, mpaka chuma kikang'aa kama kijiko kipya. Mahali pa ile ya shingoni alichonga alama ya ukoo wetu, mistari miwili na nusu duara, ile ambayo babu alikuwa akiwachoma nayo ng'ombe na kuichora kwenye mishale yake.

Nilimwuliza kama ilikuwa lazima kuzitoa.

"Barua inasema zote. Ukinunua kitu ukakiacha na alama ya mwenyewe wa kwanza, kesho utaitwa mwizi."

Nilimwamini. Ningefanya hivyo hivyo.

Julai pikipiki iliwaka. Ilikohoa asubuhi nzima, ikatema moshi mweusi, kisha ikanguruma hadi mbwa wakakimbilia shambani. Jumapili baada ya kanisa aliivusha mto, akafika mlima wa kwanza wa Kwa Ndululu na kurudi. Alikaa kwenye kiti cha manyoya injini ikiwa imezimwa, akishika breki na kuiachilia, akishika na kuiachilia.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti mkaguzi wa magari kutoka Machakos alikuwa Emali. Sikuwepo. Haya yafuatayo mjomba amenisimulia mara tatu, na maneno yake hayajabadilika.

Mkaguzi alianza kwa kucheka. "Mzee, tangi ni mkebe wa kupikia?"

"Ndiyo, bwana. Lakini hauvuji."

Akaukagua. Haukuvuja. Akajaribu breki, zikashika. Taa ikawaka. Akabonyeza honi. "Hii ni honi ama ni beberu?" Madereva waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mjomba akacheka nao, kwa sababu alijua amepita.

Kisha mkaguzi alifungua logbuku na kupiga goti karibu na shingo ya fremu. Akapapasa kwa kidole gumba.

"Namba iko wapi?"

"Nilizitoa, bwana."

"Ulizitoa?"

"Barua ilisema." Mjomba akatoa barua mfukoni, imekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni.

Mkaguzi aliisoma, akairudia. "Mzee, hawa walimaanisha zile za rangi. Hizi za chuma hazikuwa za mradi. Ni za pikipiki yenyewe, tangu kiwandani ilikozaliwa."

"Sasa?"

"Sasa sijui hii ni pikipiki gani. Hata wewe hujui." Akaigusa ile alama. "Na hii ni nini?"

"Ni ya ukoo wetu."

"Ukoo wenu hauko kwenye logbuku."

Mjomba anasema mkaguzi hakusema hayo kwa dharau. Alisema kama mtu anayetafuta mlango na hauoni. Lakini sheria ni sheria. Chombo kilichofutwa namba ni chombo kinachoshukiwa kuwa cha wizi. Pikipiki ikasukumwa hadi kituo cha polisi, ikafungwa mnyororo uani. Akaambiwa ataipata akileta barua kutoka kwa waliomwuzia, ya kuthibitisha kuwa ndiyo ile ile.

Waliomwuzia walikuwa Ulaya. Niliandika barua mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, kwenda anwani yao ya zamani ya Nairobi, kwani hatukuwa na nyingine. Ilirudi baada ya siku tisa na maneno yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: amehama. Tukaandika kwa wizara. Huko haikurudi hata bahasha.

Kabla hata barua ya kwanza haijarudi, siku ya Sista Kagure ilifika; alingoja siku nne zaidi. Ya tano alichukua rula na kupiga mstari juu ya Kwa Ndululu.

"Nimengoja, Bwana Mulei."

"Najua, Sista."

"Wakitaka, waje hapa. Sitamfukuza mtu."

Ikabidi aende kuwaambia. Alikwenda kwa miguu, akawakuta akina mama uwanjani mbele ya kanisa. Walikuwa wameshafyeka majani na kutoa meza, kwa sababu walisikia ngurumo Julai na kila mtu alikuwa anasema Mulei amerudi. Mama mmoja, Kaluki, mwenye mapacha, ndiye aliyeuliza maswali.

"Tuje wenyewe mpaka huko?"

"Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mtoke alfajiri."

"Mimi nina wawili. Nitambeba yupi?"

Mjomba aliomba maji, akanywa, akarudi.

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba alikaa kwenye benchi la kituo cha afya tangu kilipofunguliwa. Wakaja akina mama wawili. Kaluki hakuwa mmoja wao. Sista aliwachanja watoto wao, akawaandikia kadi, kisha akatazama saa.

"Labda wengine wako njiani," mjomba akasema.

"Bwana Mulei, ni saa tisa. Anayefika sasa atarudi kwake saa ngapi?"

Akafunga friji.

Novemba mvua ilinyesha, mto ukajaa, na hakuja hata mmoja.