Nanasi Lililosubiri Kilimia

Nilichukua wiki sita kuchagua darubini, na Bibi alizihesabu zote.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Bagamoyo kusubiri ajira. Nilikuwa na akiba ndogo niliyoipata kwa kufundisha watoto wa mtaani kwetu hesabu na fizikia, basi nikafungua daftari: ukurasa wa kushoto darubini za lenzi, wa kulia darubini za kioo. Nikaandika faida, kasoro, na kasoro za zile faida. Mwanzoni nilivutiwa na moja ambayo boksi lake lilijigamba kwamba inakuza mara mia sita. Kisha nikasoma kwamba majigambo ya kukuza ni ya kuuzia tu. Chenye maana ni upana wa mdomo wa darubini, maana mdomo mpana hukusanya mwanga mwingi, na tena miguu inayotetemeka huharibu hata darubini nzuri. Nikafuta yote. Nikaanza ukurasa mpya.

"Mke mwenzangu," Bibi akaniambia, kwani ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mchanga, "mimi babu yako nilimwona mara moja tu, tena ubavuni, nikakubali. Wewe bomba tu unalichunguza hivyo?"

"Nikikosea je, Bibi?"

"Ukikosea utakaa nalo. Mimi sikukaa naye?"

Mwishowe nikanunua ya kioo, fupi na nene kama ndoo, ya kuwekwa juu ya meza. Meza yetu ikawa inayumba. Nikajaribu stuli, nikajaribu matofali, mpaka Bibi akachoka kunitazama, akaleta kinu chake cha kutwangia na kukipindua katikati ya ua. Darubini ikatulia juu yake, haitikisiki.

"Haya," akasema. "Kinu changu nacho kimefika chuo kikuu."

Kosa nililifanya kwa mdomo. Jirani aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta nafanya nini na lile bomba, nami nikamjibu, "Naangalia nyota." Kwa mtu aliyesoma fizikia, maneno hayo hayana tatizo. Kwa mtaani kwetu, kuangalia nyota ni kazi ya mganga: unampelekea jina lako na la mama yako, anapiga hesabu zake, anakwambia nyota yako imefifia na inataka kusafishwa. Na baba yangu ni mwalimu wa madrasa.

Siku mbili baadaye, nikiwa sokoni, akaja kwetu mama mmoja wa Kiwangwa anayeleta mananasi mjini, na siku za kuuza hulala kwa dada yake mtaa wa pili. Binti yake alikuwa ameposwa mara mbili, na mara zote mbili wachumba wakarudi nyuma. Alimwachia Bibi karatasi yenye majina mawili, la binti na la kwake mwenyewe, pamoja na nanasi kubwa. Bibi akapokea.

"Bibi! Umepokea?"

"Lilikuwa linanukia, mwanangu. Ningefanyaje?"

Baba aliporudi kutoka madrasani aliiona karatasi, akaliona na nanasi. Akikasirika hapandishi sauti. Huongea polepole, kama anayemfundisha mtoto alifu.

"Hii ni ada ya uganga. Haikatwi ndani ya nyumba hii. Na wewe nakupa muda mpaka nanasi lioze. Ukishindwa kunionyesha kwamba chombo hiki si cha ramli, kitarudi kilikotoka. Wazazi wakiwatoa watoto wao madrasani kwa sababu ya binti yangu, nitawaambia nini?"

Nanasi likawekwa barazani. Kila asubuhi nililibonyeza kitako, nililinusa, nikaandika daftarini. Jioni ya kwanza mawingu. Jioni ya pili mawingu. Siku ya tatu lilikuwa la manjano mpaka juu, na nyuki wawili walikuwa wameshalipata.

"Mganga," Bibi akasema, "fanya haraka."

Jioni hiyo mbingu ikafunguka. Nikamwita mama wa mananasi, na baada ya swala ya magharibi sote tukawa uani. Nilitaka Baba ashangae, hivyo nikaweka lenzi yenye nguvu kuliko zote na kuitafuta sayari ya Mshtarii. Giza. Nikasogeza kidogo. Giza jingine.

"Kuna nini humo?" Baba akauliza.

"Kuna... giza, Baba."

"Giza hata mimi naliona, tena bila bomba."

"Mke mwenzangu, unang'ang'ania nini?" Bibi akasema kutoka mkekani. Akanyoosha kidole kaskazini. "Anza na Kilimia. Kile pale."

Kile kishada kidogo cha nyota ndicho mama yake Bibi alichokitazama huko Miono kujua lini aanze shamba. Nikabadilisha, nikaweka lenzi dhaifu, isiyokuza sana lakini inayoona eneo pana. Kitabu cha maelezo ya darubini kilikuwa kimesema mwanafunzi aanze na hiyo. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipigia mstari mara mbili.

Kilimia kikajaa. Kwa macho nilikuwa nahesabu nyota sita. Humo zilikuwa makumi, nyeupe zenye ubuluu.

Baba akachungulia kwanza kwenye mdomo wa darubini. Nikamgeuza taratibu hadi kwenye lenzi ya ubavuni. Akavua kofia, akainama, akaweka jicho.

"Subhanallah," akasema. Kisha, "Na zinasemaje?"

"Hazisemi kitu, Baba."

"Hazimtaji mtu?"

"Hazimtaji."

"Sema kwa sauti."

"Baba?"

"Sema jirani asikie."

Nikaugeukia ukuta. "Nyota hazisemi kitu!"

"Tumesikia, mwalimu!" ikajibu sauti ya upande wa pili.

Mama wa mananasi alitazama muda mrefu. "Nyingi mno," akasema. "Ya binti yangu ipi?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya aina tatu, yote yakanitoka. Nikamrudishia karatasi yake. "Mama, hakuna ya mtu. Habari za binti yako siwezi kuzijua humu. Na nanasi lako lichukue."

Akaifunga karatasi kwenye pindo la khanga. "Basi afadhali. Nimechoka kuambiwa imefifia. Humo sijaona hata moja iliyofifia."

"Waliofifia ni hao wachumba," Bibi akasema, na mama wa watu akacheka mpaka akakaa chini. Nanasi akakataa kulirudisha. Si ada tena, alisema, ni zawadi ya nyumba.

Hapo wasiwasi wangu ukaanza upya. Kitu kilichotolewa kwa nia moja, nia ikibadilika katikati, kinahesabiwaje? Nikamuuliza Baba, kwa kirefu, na mifano miwili.

Baba alikuwa ameshainama tena kwenye lenzi.

"Mama," akamwambia Bibi bila kuondoa jicho, "kisu kiko wapi?"

Bibi akakitoa chini ya mkeka, alipokuwa amekikalia tangu magharibi.