Mguu, Mkono na Mgodi wa Pili

Nimechoka kusikia kwamba michezo ya bunduki kwenye kompyuta inapendwa kwa sababu ya damu. Wanaosema hivyo ni wahubiri, walimu, na siku hizi watu wa redioni. Ukiwauliza kama wamewahi kuucheza hata mmoja, wanakutazama kana kwamba umewauliza kama wamewahi kuiba kuku. Mimi nimecheza. Nimeishi Isiolo, Nanyuki, Embu, Thika, kisha Isiolo tena, na katika kila mji nilitafuta kwanza mahali pa chai, halafu mahali pa mchezo. Kwa hiyo nitasema ninachokijua. Nitakisema kwa hasira, kwa sababu mchezo niliousubiri kuliko yote sikuucheza ipasavyo, na aliyeniharibia ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Makutano, Meru. Juu ya duka moja la misumari na mabati palikuwa na chuo cha kupiga chapa: mashine za taipu kumi na mbili, ubao, na mwalimu mmoja tuliyemwita Madam. Madam alikuwa ametoka sehemu kavu za Embu, Kimeru chake hakikuvuka salamu, na mwanawe wa pekee alikuwa rafiki yangu. Mimi nilikuwa darasa la nane, yeye la saba. Mwaka ule Madam alipata kompyuta mbili zilizokwisha kutumika, akazivika vitambaa vya kufuma kama viti vya sebuleni. Fundi aliyekuja kuzitengeneza akaacha ndani ya mojawapo mchezo aliokuwa nao kwenye disketi nne. Jina lake la Kiingereza hatukulijali. Sisi tuliuita Mgodi, kwa sababu wote ulikuwa chini ya ardhi: njia za mawe, milango ya chuma, na walinzi wa nguo za buluu ambao hawakutaka utoke.

Jumamosi alasiri, wanafunzi wakishaondoka, Madam alituruhusu. Benchi ilikuwa moja na kibodi moja. Hatukujua kwamba mtu mmoja anaweza kuucheza. Fundi alikuwa ametuonyesha vitufe haraka haraka, mkoba tayari begani, nasi tukagawana. Rafiki yangu alishika mishale, akawa ndiye anayetembea. Mimi nikashika cha kufyatua na cha kufungua milango. Yeye akawa Mguu, mimi nikawa Mkono, na tukaitana hivyo hata njiani, hata kanisani.

"Mkono, mlango!"

"Ngoja, geuka kwanza."

"Nimegeuka. Fungua! Unaogopa nini na ni picha tu?"

"Ni picha, na jana ulipiga nduru."

"Hiyo ilikuwa kikohozi."

Sasa nisikilizeni, nyinyi watu wa damu. Damu yenyewe ilikuwa vidoa vyekundu vya mraba, hata nyanya inatisha zaidi. Kilichotushika ni mlango. Ulibonyeza, mlango ukaguna, ukapanda juu, na kilichokuwa nyuma yake kikakujibu papo hapo. Mkumbuke Meru ya wakati huo. Baba yangu alikwenda kwa chifu mara tano kutafuta barua moja, kila mara njoo kesho. Tulipeleka kahawa kiwandani, malipo yakanyamaza huko. Kaka yangu aliandika maombi ya kazi mpaka kalamu ikaisha, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwandikia kumwambia hapana. Ndani ya Mgodi ukibonyeza, kitu kinatokea. Kizuri au kibaya, kinatokea, na kinatokea kwa sababu yako.

Tena, uso wako haumo mle. Unaona mkono tu, chini ya skrini, umeshika bunduki. Mimi nilikuwa na chunusi na kaptula yenye kiraka, lakini mkono ule ulikuwa sawa na wa mtu yeyote duniani. Na risasi zilikuwa chache. Hilo nalo waliotengeneza michezo ya leo wamelisahau, wanakumwagia risasi kama mahindi kwa kuku halafu wanashangaa ukipiga miayo. Sisi tulizitunza. Tulitembea chumba kizima tukijua zimebaki tatu, Mguu akinyata, mimi kidole kikiniwasha, na ile nukta moja kati ya kufyatua na mlinzi kuanguka ilikuwa ndefu kuliko kipindi cha hesabu.

Tulimaliza Mgodi mwezi wa kumi na moja, wiki moja baada ya mtihani wangu. Tulikuwa tumehangaika nao tangu mvua za Aprili. Fundi akatuambia upo wa pili, na kwamba angeuleta kutoka Nairobi.

"Vitufe ni vile vile?" Mguu akauliza.

"Ni vile vile. Lakini yule jitu wa mwisho, mliyemuua jana? Huko wanakuja wawili, kwa njia moja, mlango wa kwanza."

Tuliangaliana tukacheka kama wendawazimu. Hilo ndilo jambo lote kuhusu mchezo wa pili, na wanaolipwa kutengeneza michezo hiyo hawalijui. Mchezo wa pili mzuri unavikuta vidole vyako tayari, unaviheshimu, halafu unavipa sababu mpya ya kuogopa. Kilichokutoa jasho jana leo kinakufungulia mlango. Unatambua kwamba umekua, na hakuna aliyekuambia, umejionea. Lakini wa siku hizi wanakurudisha darasa la kwanza, wanabadilisha vitufe, wanakuwekea mzee wa kukueleza kila kona. Ukinunua jembe jipya huhitaji kufundishwa kulima upya!

Mwezi wa kumi na mbili niliingia jando. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: ukimaliza darasa la nane unatahiriwa, unakaa kwenye kibanda wiki kadhaa ukipona, na wakubwa wanakuja kukufundisha. Baadhi ya mafundisho yalikuwa mema. Mengine yalikuwa makofi. Na moja lilirudiwa kila siku: kijana asiyetahiriwa, mwiji, si mwenzako tena. Huli naye, huchezi naye, huketi naye kiti kimoja. Kama alikuwa rafiki yako jana, jana imekwisha.

Siku moja asubuhi tulikuwa tukiota jua nyuma ya kibanda, tukasikia sauti kutoka upande wa migomba.

"Mkono! Imekuja! Ya pili imekuja!"

Mwiji hakaribii kibanda cha jando. Kila mtoto wa kwetu alilijua hilo, lakini Mguu alikuwa amelelewa na mama mgeni, juu ya duka la misumari. Wakubwa walimrukia kwa vigogo vya migomba na matusi, akateremka mbio kiatu kimoja kikibaki kwenye matope. Kisha wakanigeukia.

"Huyo ni nani wako?"

"Ni wa jirani tu," nikasema. "Simjui sana."

Hakuna aliyekuwa ameinua fimbo. Ninataka hilo lieleweke. Nilisema mwenyewe.

Nilitoka mwezi wa kwanza na suruali ndefu mpya na kofia. Zilibaki wiki mbili kabla ya kwenda sekondari ya bweni. Jumamosi ya kwanza nilipanda ngazi za chuo, na nikafanya kosa la kupanda na wenzangu wawili wa rika tuliokuwa kibanda kimoja. Nilikuwa nimejisifu kwao. Niliwaambia nitawaonyesha mtu anavyouawa.

Mguu alikuwa ameketi mwisho wa benchi, upande wake, kitambaa kikiwa kimeshaondolewa kwenye kompyuta. Upande wangu ulikuwa wazi.

"Mkono! Wiki tano, bwana. Sijaifungua hata mara moja. Fundi alitaka kunionyesha mwanzo, nikafunga macho."

Mwenzangu mmoja, mrefu, aliyekuwa na buti za kakake, akaguna.

"Huyu mwiji anamwita nani Mkono?"

"Na anaongea na wanaume akiwa ameketi," akasema wa pili. "Wewe kijana, kwenu hakuna adabu?"

Mguu akacheka. Alidhani ni mchezo.

"Wanaume gani? Kwani mmeota ndevu huko kwa kibanda? Geukeni nizione."

Hawakucheka. Waliniangalia mimi. Nakumbuka kelele za manamba wa matatu pale chini, na harufu ya wino wa utepe wa taipu, na nakumbuka kwamba nilikuwa na muda. Watu wakisimulia mambo kama haya husema yalitokea ghafla. Uongo. Nilikuwa na muda wa kufikiria, na nikafikiria, nikachagua.

"Toka kwenye benchi," nikamwambia.

"Nini?"

"Toka. Siwezi kuketi na mwiji."

Alisimama. Akarudi nyuma hadi kwenye kabati la karatasi, na mwenye buti akaketi mahali pake, akaweka vidole vyake vinene juu ya mishale. Mchezo haukuanza. Tulibonyeza hiki na kile. Sauti ikatoka kabatini, ya upole kabisa:

"Bonyeza Enter. Mara mbili."

Maneno ya fundi yalikuwa kweli. Mlango wa kwanza, majitu wawili. Tulikufa. Mwenye buti alitembea kama mbuzi aliyefungwa macho, akagonga ukuta, akageuka mahali pa kunyooka, akanyooka mahali pa kugeuka. Mimi nilifyatua hewa. Tulikufa mara sita, saba, na kila mara nilijua mguu uliotakiwa ulikuwa umesimama hatua tatu nyuma yangu.

"Kuna njia kushoto," kabati likasema. "Ukuta wa pale rangi yake si moja."

"Nani amekuuliza?" mwenye buti akafoka.

Madam aliingia akiwa na thermos ya chai. Akatazama benchi, akamtazama mwanawe.

"Mbona umesimama?"

"Nimechoka kukaa, mum."

Madam alikuwa wa Embu, na Embu nao wana jando lao. Alielewa yote kwa kuangalia kofia zetu. Aliweka thermos mezani polepole sana.

"Hapa ni shule," akasema. "Hawa wanaume wapya washuke ngazi. Wote watatu."

Yule mwenye buti nilikutana naye miaka kadhaa iliyopita. Ana duka la simu papo hapo Makutano, ana tumbo na mabinti wawili. Nilimkumbusha. Akakuna kichwa, halafu akacheka hadi akakohoa. "Ah, bwana, tulikuwa watoto!" Nilitamani kuvunja kioo cha kaunta yake. Watoto! Kwenye kibanda tuliambiwa usiku na mchana kwamba sisi si watoto tena, na kwa neno hilo nikamtoa mtu kwenye benchi ya mama yake. Sasa yamekuwa ya kitoto, na hakuna anayepaswa kuyajibu. Wakubwa waliotufundisha wengine wamekufa. Jando lenyewe silichukii, lilinifundisha kuvumilia maumivu na kutoogopa baridi. Ninachochukia ni jinsi lilivyonipata tayari. Mtu angeniambia nimkane paka ningemkana.

Nilikaa muhula mzima shuleni nikiutengeneza upya mchezo kichwani. Wakati wa ibada, wakati wa fizikia, nilifungua mlango ule na Mguu akanitoa kushoto, kwenye ukuta wa rangi nyingine. Likizo ya Aprili, siku ya pili tu, nilikwenda Makutano peke yangu. Nilipanda ngazi nikiwa nimevua kofia.

Alikuwa kwenye benchi. Amerefuka. Hakugeuka, lakini alijua ni mimi, labda kwa hatua zangu.

"Sema," akasema.

"Salama. Umefika wapi?"

"Mbali."

"Naweza kukaa?"

"Mimi bado mwiji. Mpaka Desemba."

Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi kuliko siku ile ya kwanza, kwa sababu siku ile nilikuwa na woga, na siku hii nilikuwa na akili zangu zote.

"Wenzangu hawako leo," nikamwambia.

Mikono yake ilisimama. Kwenye skrini mlinzi wa buluu akampiga risasi mbili, tatu, na hakujitetea. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi.

"Kaa basi. Nafasi iko."

Nikakaa. Nikatazama kibodi nipate mahali pa kuweka vidole, na ndipo nilipoona. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye mishale. Wa kushoto ulikuwa umetandazwa upande wangu wa zamani, kidole gumba kwenye mlango, kidole kidogo kwenye kufyatua. Ulikaa pale kama umezaliwa pale.

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna. Nilichoka kungoja."

Akafungua mlango. Majitu walikuwa wanne sasa, na bunduki ilikuwa mpya, nzito, iliyolia 'kwap!' kabla ya kila risasi kana kwamba inakuuliza kama una hakika. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Alinyata, akageuka, akafyatua, yote kwa pumzi moja, bila mtu wa kumwambia ngoja, bila mtu wa kumwambia sasa. Wa nne alipoanguka sikuweza kujizuia, nikampiga begani, nikapiga kelele.

Yeye hakupiga kelele. Alibonyeza kitufe cha kusimamisha, akanyoosha vidole vyake vyote kumi, akaniuliza kwa heshima, kama unavyomuuliza mgeni wa mama yako, kama ningependa chai.