Kisima cha Singe Kilichobomoka

Mwanangu, nikifumba macho bado naiona asubuhi ile ya Babati: ukungu umelala juu ya ziwa, Mlima Kwaraa unaelea kama hauna miguu, na sisi vijana wa mradi wa maji tunatembea kimya, tumboni mna uji wa unga wa njano tuliouita yanga. Miaka ile sabuni ilikuwa hadithi. Saruji ndiyo usiseme. Mifuko michache tuliyopewa kwa kisima tulichotakiwa kuchimba kijijini Mutuka tuliitunza kama mtoto mchanga. Ikiharibika, hakuna mingine.

Tulitaka kuanza kuchimba siku hiyohiyo. Lakini Mama Elibariki, kiongozi wetu, alisema kwanza twende Singe, ambako kisima kilikuwa kimebomoka mwaka uliotangulia.

"Mama, tukajifunze kwa walioshindwa?" nikamwuliza.

Akasimama njiani. "Aliyefaulu atakusimulia sifa zake, binti. Aliyeanguka ndiye ajuaye shimo lilipo."

Singe tulimkuta Baba Nada, fundi wa kisima kile. Alipokea shikamoo zetu, kisha akainamisha kichwa. Watu walikuwa wamemcheka. Kumwuliza, hakuna aliyemwuliza. Mama Elibariki naye hakumhoji. Alianza kusimulia habari zake mwenyewe, miche ya mradi iliyomfia yote kwa kuwa aliipanda mvua zikiwa zinaaga. Alisimulia taratibu, kama mtu anayeota. Baba Nada akainua macho.

"Sisi tulichimba masika," akasema. "Tukaona maji yako karibu, tukafurahi, tukajengea. Kiangazi yakazama. Tulipoongeza kina, ukuta ukamwangukia mdogo wangu. Hatembei vizuri mpaka leo."

Tulirudi bila hata mmoja wetu kuimba. Saruji tukaiinua juu ya mbao, mbali na unyevu, tukangoja kiangazi kikolee, ndipo tukachimba, Baba Nada akiwa nasi. Kila tulipomaliza kazi, kabla hata ya kunawa, tuliketi juu ya udongo tukaulizana: leo tulitaka nini, kimetokea nini, kwa nini, na kesho tubadili nini? Hakuna aliyelaumiwa. Maji yalipopatikana yalikuwa mazito kwa tope, na kina mama wa Mutuka waliyachota hivyohivyo, wakicheka. Baba Nada alilia.

Siku hizi mko kwenye mashirika yenye kompyuta, mnaandika ripoti nzuri. Andikeni. Lakini ripoti hupenda kuficha kidonda, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla hujaanza, nenda kwa aliyetangulia. Toa kosa lako kwanza, naye atakupa lake. Kazi ikiendelea, keti na wenzako mjiulize. Ikiisha, mwite jirani aje aone, hasa pale palipopinda.

Mungu akujalie watu wasioogopa kukuambia walipoanguka, mwanangu, na akujalie moyo wa kutowacheka.