Wimbo Ulioibwa na Simu Niliyokataa Kutoa

Nilikuwa sokoni Ndhiwa, nimeinamia sanduku la vifungo vya sare za shule, niliposikia wimbo wangu ukitoka kwenye spika ya muuza viatu. Mwanzoni nilitabasamu kama mjinga. Kisha nikamwuliza yule muuza viatu ni wa nani, akanionyesha simu yake: jina la mwanamume nisiyemjua, picha yake amevaa miwani nyeusi, na maelfu ya watu wakimpongeza kwa utunzi wake.

Sauti zilikuwa za kwaya yetu. Alichofanya ni kuongeza kinanda na ngoma juu yake, na hata hiyo kazi aliifanya kwa uvivu, kwa sababu mwishoni kabisa cherehani yangu ilikuwa bado inasikika ikigonga. Niliondoka na hasira hadi nikasahau vifungo.

Wimbo huo niliutunga wiki tuliyomzika baba yangu, nyumbani Kegonga. Mimi ni Mkuria, nimeishi na kushona Ndhiwa miaka mingi kati ya Wajaluo, na kwaya yetu ya Kisabato huimba nyimbo zangu za Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha. Tuliurekodi kwa simu ndani ya duka langu, msaidizi wangu akiendelea na kazi pembeni, ili waliokosa mazoezi wajifunze sauti zao. Nikautuma kwenye grupu la kwaya, ambalo mimi ndiye msimamizi wake, na sikuupeleka popote pengine. Kwa hiyo aliyeutoa nje alikuwa mmoja wetu.

Sasa niseme kosa letu, kwa sababu sidhani watu wengine wangelifanya. Kwetu mazoezi na maombi ni kitu kimoja. Huwezi kufungua kinywa kuimba kabla hujaeleza unaombewa nini. Basi grupu likawa hivyo hivyo: wimbo wa Sabato ijayo, chini yake mtu anaomba tumkumbuke mtoto wake anayeumwa, chini yake rangi ya sare, chini yake mwingine analia kuhusu ndoa yake. Hatukuwahi kufikiria kuyatenganisha.

Mzee wa kanisa alitupeleka kwa wakala wa haki za wanamuziki, Homa Bay mjini. Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na dada mmoja wa sauti ya pili ambaye husimama kulia kwangu siku zote. Wakala alikuwa kijana mpole. Alisikiliza wimbo mara mbili na alipofika kwenye cherehani akacheka kwa furaha.

“Mama, hii kesi ni yenu,” akasema. “Lakini lazima tuonyeshe recording ilianza kwa nani na ikatokea wapi. Nitumie chat yote ya group, kutoka siku ya kwanza, na namba za watu wote. Na usidelete hata message moja. Ukidelete, watasema umepika ushahidi.”

“Nani atasoma?”

“Sisi, lawyer wao, na korti.”

“Utapata leo leo!” akadakia dada yangu wa sauti ya pili. Alikuwa na moto kunishinda. Mimi pia nilikubali.

Sikutuma siku hiyo kwa sababu mimi ni mtu wa kukagua mshono kabla ya kutoa nguo. Jumapili asubuhi nilifunga duka, nikaanza kusoma kutoka juu kabisa, tulipokuwa wanawake watano tu, kabla wanaume hawajajiunga. Watatu kati ya wale watano walishahama. Tuliobaki ni mimi na yule dada.

Nikakuta ujumbe wake. Alikuwa ameandika kwamba amepimwa, ameambiwa aanze dawa wiki hiyo na ni za maisha, na mumewe hajui. Tumwombee, na yabaki humu. Chini yake, kwa kidole changu mwenyewe, nilikuwa nimejibu: Yamebaki.

Niliona haya, kwa maana nilikuwa nimesahau. Yeye pia alikuwa amesahau, ama alidhani maneno ya zamani hupotea yenyewe, kwani simu yake ya wakati ule iliibwa na mpya haina hata neno moja la siku zile. Yote yalikuwa kwangu.

Nilifikiria kumwuliza. Lakini namjua. Angesema nipeleke tu, wimbo ni wa kwaya, yeye ni nani auzuie? Kisha angekaa akisubiri siku karatasi za wakili zitakapofika mikononi mwa mtu anayemjua mumewe. Sikutaka anipe ruhusa ya namna hiyo. Na wimbo niliutaka, nisidanganye. Niliutaka kama mtoto wangu.

Jumatatu nilimpigia wakala nikamwambia sitatuma. Nikamwuliza kama ushahidi mwingine hautoshi: cherehani, mashahidi, daftari langu la maneno ya wimbo. Akasema bila chat hawezi kuthibitisha lolote, na kwamba ninawalinda wezi. Nikamwambia hajui ninachokilinda, na akate simu kabla sijasema neno nitakalolazimika kuliungama Sabato. Alikata.

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, kwaya ilikaa kikao. Mzee wa kanisa akaeleza kwamba kesi imekufa kwa sababu nimekataa kutoa mazungumzo ya grupu. Watu walinung'unika. Yule dada wa sauti ya pili akasimama, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

“Mimi niliimba hiyo wimbo nikiwa na homa,” akasema. “Nyamera, dada yangu, wewe ndiye uliitunga. Si ungewapea tu hiyo chat? Ama uliiuza wewe mwenyewe? Kuna kitu unaficha?”

Nyuso zote zilinigeukia. Ningeweza kusema ni siri za watu wengi, ningezungukazunguka. Lakini ningeanza kueleza, angekumbuka, pale pale, mbele ya wote.

“Ndiyo,” nikamjibu. “Kuna kitu naficha. Na sitakitoa.”

“Mmesikia wenyewe,” akawaambia wengine, akaketi.

Wakamteua yeye kuwa msimamizi wa grupu jipya. Bado anasimama kulia kwangu kila Sabato, na hanisalimu.