Zdravka na Vipande Vyake vya Shaba

Zdravka Minkova alipima gesi kwa miaka thelathini na moja, katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili, kwenye taasisi hapa Sofia ambako mimi nilikuwa mfagiaji. Nilipoanza kazi, mwaka wa themanini na mbili, niliogopa hata kupita karibu na vioo vyake. Mirija ilitambaa ukuta mzima, mingine imejaa zebaki, nami nina binti mwenye pumu nyumbani. Nikivunja mmoja, nani atatulisha?

"Pita, mama Snezha," aliniambia. "Havina meno."

Wengine pale walininyooshea kidole penye uchafu, basi. Yeye alinieleza kazi yake. Alikuwa na vipande vya shaba vyembamba kama ganda la kitunguu, visivyo na kitundu hata kimoja. Alivitia kwenye chupa ya kioo, akaivuta hewa yote, akaizamisha chupa katika naitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kama maji. Kisha aliingiza gesi kidogo sana. Kwa baridi ile, gesi hujilaza juu ya shaba, na ile iliyopungua kwenye kipimo ndiyo iliyolala.

"Mkaa una matundu, unakunywa ndoo nzima," alisema. "Huo hata mlevi ataupima. Shaba hii inalamba tone tu. Hapo ndipo mpimaji hujulikana."

Kutokana na tone hilo alijua gesi kiasi gani inatosha kutandika tabaka moja, na kwa hiyo ngozi ya shaba ina ukubwa gani kweli, si ule wa rula. Siku za kupima hakumpa mtu mkono, asije akapata mafuta vidoleni. Alikula mkate na jibini akiwa koridoni, amesimama, macho mlangoni kama mama aliyeacha maziwa jikoni.

Septemba ya themanini na sita mji wote ulinuka pilipili za kuchoma, kama kila mwaka. Wiki hiyo nilikuwa nimesugua sufuria yangu ya shaba kwa chumvi na siki, tayari kwa jamu ya plamu. Ijumaa, nikipiga deki, nikaona vipande vya Zdravka juu ya kitambaa, vimefubaa, rangi ya kahawia. Nikamwonea huruma. Nikaleta chumvi na siki, nikavisugua vizuri, nikavisuuza, nikavirudisha.

Jumatatu, vikiwa vimeanza kufubaa tena, alivipitisha kwenye tanuri ya haidrojeni ya kuondoa kutu kama kawaida yake, vikatoka viking'aa, na alama ya mkono wangu ikapotea. Alhamisi nikasikia sauti ya daktari Valchanov, mkuu wa maabara. Yeye ndiye aliyechora kwa hesabu mstari wa jinsi gesi inavyopaswa kutanda juu ya metali laini.

"Ndugu Minkova, shaba ile ile uliyoipima mara tatu mwaka huu, leo imemeza karibu mara mbili. Imeota ngozi nyingine?"

"Sijui, ndugu daktari. Nimesoma nilichokiona."

"Basi kifaa kinavuja."

"Hakivuji. Nimekikagua mara nne."

"Kama si kifaa, ni mkono. Wiki ijayo mpimaji mwingine, Krastev, atakaa hapa, wewe utakwenda stoo."

Nilikuwa mlangoni na tambara langu. Nilijua. Nikaenda nyumbani nikamtazama binti yangu Snezha akihema juu ya daftari lake, nikanyamaza. Ijumaa pia nikanyamaza. Jumatatu nilimkuta Zdravka akifuta koki moja moja, kama anayeosha mtoto kabla ya safari, akijisemea, "Labda kweli ni mkono." Sikuweza tena.

"Dada Zdravka, nilivisugua mimi."

"Ulisugua nini?"

"Vipande vyako. Kwa chumvi na siki. Vilikuwa vichafu."

Nikangoja matusi.

"Kwa nguvu?" akauliza.

"Kama sufuria ya jamu."

Akakaa kitini akacheka mpaka akashika mbavu. "We mwanamke! Umeniharibia shaba ya mwaka mzima, na umeniponya mkono! Siki imeichimba, umeikwangua, sasa imejaa vilima na mabonde. Jicho halioni. Gesi imeona!"

Tulikwenda kwa daktari pamoja. Zdravka akakata shaba mpya, akaigawa mafungu mawili, na mimi nikasugua fungu moja mbele ya daktari, aliyekuwa amekunja mikono. Vipimo vilichukua siku nne. Fungu lisiloguswa lilitoa namba ya zamani. Langu lilitoa karibu mara mbili.

Daktari aliisoma karatasi, akanigeukia.

"Nani alikufundisha kusugua hivi?"

"Mama yangu, ndugu daktari."

"Mwambie asije huku."

Huko ndiko kuomba radhi kwake kote. Krastev hakuja. Mimi sikufukuzwa, ila mlangoni kulibandikwa karatasi: mfagiaji asiguse metali yoyote.

Zdravka alikaa na vioo vyake miaka mitano zaidi, hadi pensheni. Siku hizi pale kuna sanduku linalojipimia lenyewe. Miaka ile mitano, kila alipomaliza kupima, alinisomea namba kabla ya kumpelekea daktari. Sikuelewa hata nusu, lakini niliegemea fagio langu nikasikiliza mpaka ya mwisho.